Jiwe la Kifuniko

Mbulumbulu,
Jumapili, baada ya ibada.

Aako, babu yangu, mume wangu,

Watoto wa darasa la nne nawafundisha kila mwaka kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali, kisha unaeleza hali yako, ndipo unaingia kwenye shabaha. Sasa wewe nikujulie hali vipi? Nikiandika "natumaini u mzima wa afya", Mzee Panga akiisikia atacheka mpaka aanguke na kiti. Basi hapo naruka. Mimi mjukuu wako Martina sijambo. Mke mwenzangu, yaani Bibi, yaani mkeo wa kweli, hajambo, ila magoti tu. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Sukari bado haijaonekana, na chai bila sukari tumeizoea kiasi kwamba ikija tutaitemea mate. Sabuni ilikuja dukani juzi, nikapanga foleni tangu asubuhi, nikapata nusu mche. Shuleni wamenipa darasa la sita pia.

Shabaha ya barua hii ni jiwe lako. Nimelipeleka. Limefika. Lakini kabla halijafika, Aako, umenitoa jasho, umeniaibisha mbele ya walimu wenzangu, na nina maneno na wewe.

Nakuandikia nikiwa jikoni, maharage yako motoni, ili usije ukasema nimeacha kazi nikakaa kuandika.

Jiwe lenyewe mgeni akiliona hana la kusema. Ukubwa wa ngumi mbili. Upande mmoja jeupe kwa magadi, upande wa pili jeusi tii kwa masizi na mchuzi, kwa sababu tangu nizaliwe kazi yake ilikuwa moja tu, kukalia kifuniko cha sufuria ya maharage ili mvuke usitoroke. Ulilileta kutoka ziwa la Empakai, kule juu Ngorongoro, enzi za mkoloni, ulipokuwa mpishi wa Wazungu wapima ardhi. Na kila aliyeuliza habari zake, na hata ambaye hakuuliza, alisimuliwa safari nzima. Jinsi mlivyoshuka msituni mpaka ufukweni. Jinsi mlivyotembea kando ya ziwa, ndege heroe wamejaa majini mpaka maji hayaonekani. Jinsi mlivyopanda ng'ambo ya pili mpaka juu kabisa ukingoni, ukasimama, ukauona Mlima wa Mungu uso kwa uso, unafuka moshi.

Bibi anasema mwanzoni uliona Mlima wa Mungu peke yake. Mimi nilipoingia darasa la kwanza ulikuwa umeshaona na ziwa Natroni. Nilipomaliza la saba uliona Kilimanjaro na theluji yake. Nilipotoka chuo cha ualimu ulikuwa umefika baharini, na meli umezihesabu. Mzee Panga, jirani yako na rafiki yako na adui yako wa kila Jumamosi penye pombe, alikuwa akikuuliza mbele za watu, "Tluway, mwaka huu umeona mpaka wapi?" Nawe hukukasirika hata siku moja. Ulikuwa ukiwaita jikoni, ukawaonyesha kifuniko. "Ushahidi wangu ule pale. Wewe Panga wa kwako uko wapi, wewe ambaye hata geti la hifadhi hujalipita?"

Mimi nilikuamini. Nilimng'ata sikio kwa meno mjukuu wa Mzee Panga kwa ajili ya Kilimanjaro yako, na viboko nikala.

Kitu kingine ulichokuwa nacho ni lile swali lako. Mtu akiaga anakwenda kanisani, mnadani, Karatu, harusini, hata akiwa anakimbia mvua, wewe ulimsimamisha: "Jikoni umeacha nini?" Siku nakwenda chuoni, sanduku kichwani, lori linapiga honi barabarani, wazazi wa wenzangu wanawaombea watoto wao kwa Mungu, wewe ukanishika bega. Jikoni umeacha nini? Nilicheka mpaka Mto wa Mbu.

Sasa ile siku. Sitaki kuikalia sana, leo nina furaha. Mwezi wa nne, mvua inapiga bati, tulijaa wote chumbani kwako, wengine wamesimama mlangoni. Ukaniita. "Mke wangu mdogo, lile jiwe lirudishe kwake." Nikasema ndiyo. Kisha ukatuzungushia macho, mmoja mmoja, mpaka wale wa mlangoni, ukauliza, "Mpo wote hapa. Jikoni kuna nani?"

Hakuna aliyekujibu, Aako. Wengine tulikuwa tunalia, wengine tukaanza kucheka, wengine yote mawili. Na jikoni kweli hakukuwa na mtu. Maharage yaliungua siku ile mpaka majirani wakaja na ndoo wakidhani nyumba inawaka, na tuliporudi kutoka kuwatuliza, ulikuwa umeshaondoka. Hilo linaniuma mpaka leo. Lilikuwa swali jepesi. Mtu mmoja tu angesema kitu.

Ngoja. Nakuja.

Nimerudi. Yalikuwa yanaanza kushika chini. Nimeongeza maji ya moto, siyo ya baridi, usiniangalie hivyo.

Basi shule zilipofunga, walimu wa huku kwetu tukapata lori la misheni kwa siku moja. Aliyepanga safari ni Mwalimu Paskali wa jiografia, yule mwembamba aliyekuja kukuzika na mwavuli uliovunjika. Aliandika barua kwa watu wa hifadhi, wakatupa askari mwenye bunduki kwa ajili ya mbogo, na mwongoza njia, mzee wa Kimasai anayeitwa Lemayan. Tuliondoka Karatu bado giza. Nilikuwa na raba zangu, sweta mbili, na kikapu. Ndani ya kikapu viazi vitamu vya kuchemsha, na chini yake jiwe lako nimelifunga kwenye kanga ya Bibi kama mtoto. Dereva akatutangazia tulipofika ukingoni: saa kumi jioni lori linaondoka, mtu awepo asiwepo, kwa sababu geti halimsubiri mtu.

Aako, kushuka kule ulikusimulia vizuri. Miti yenye ndevu kweli ina ndevu. Upupu kweli upo, waulize miguu yangu. Halafu msitu unaisha ghafla, na ziwa liko mbele yako. Nilisimama nikasema, kumbe hukutia chumvi. Heroe walikuwa wengi, wekundu ukingo mzima wa maji, wanapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Na mawe yako ndiyo yale, meupe, maelfu, yametapakaa ufukweni.

Nikaona hapa ndipo kwake. Nilijitenga na wenzangu, nikachagua mahali pasafi, nikafungua kanga, nikaliweka kati ya ndugu zake, upande mweupe juu ili lipendeze. Nikasali Baba Yetu. Nikakuaga. Nililia vizuri sana, Mwalimu Paskali akajifanya anachunguza upande wa upepo. Kisha nikachota maji ya ziwa nikanawa uso.

Maji ya magadi! Mjukuu wa mpishi aliyetia magadi kwenye maharage miaka yote, hajui magadi yanafanya nini machoni! Niliruka nikipiga mayowe mpaka heroe wakaruka nao. Wakati wenzangu wamekusanyika kwa Mzee Lemayan wanapewa maelekezo, mimi nilikuwa nimeinama namwagiwa chai ya chupa usoni na mwalimu wa kike wa Kansay. Kwa hiyo maelekezo sikuyasikia.

Tukatembea kando ya ziwa kama saa nzima, kisha tukaanza kupanda ng'ambo. Kupanda kule kunakata pumzi. Nusu ya njia kuna mti mkubwa umelala, haujafa, unaota majani huku umelala. Tukaketi juu yake. Mzee Lemayan akapita akikagua mikono ya watu, na nikaona kila mtu ana jiwe jeupe. Akafika kwangu. Mama, jiwe lako?

Nikauliza jiwe la nini. Ndipo akaeleza upya, kwa ajili yangu mwenye macho mekundu. Njia ile tangu zamani za wapagazi ina desturi yake. Anayetembea ufukweni anaokota jiwe, analibeba mpaka juu, analiweka kwenye lundo linalotazama Mlima wa Mungu. Ndivyo mtu anavyoonyesha kwamba amefika.

Nikamwambia kwa majivuno, mimi langu silo la kuokota, mimi nimerudisha la babu yangu, alilolileta nyumbani tangu enzi za mkoloni.

Yule mzee akaniangalia. Nyumbani? Jiwe la hapa lilifikaje nyumbani? Aliyefika juu huliacha juu.

Akauliza, pole pole, babu yako alikuwa mpishi? Mwiraqw mfupi, anayeongea sana? Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, Aako. Alicheka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa pale! Alikuwa kijana, mpagazi wa wapima ardhi wale wale. Akatuambia yote. Kwamba wapima ardhi walipanda kila siku na wewe ulibaki chini na masufuria. Kwamba jioni, ukiwapakulia, uliwauliza mmoja mmoja, leo mmeona nini, na huyu ukamwongezea mchuzi kwa kuwa ameeleza vizuri. Kwamba siku ya mwisho walikuambia njoo nawe, ukaokota jiwe lako, ukapanda nao ukiimba. Na kwamba mlipofika pale pale, kwenye ule mti, ulisimama, ukanusa hewa, ukasema, "Mungu wangu, maharage," ukageuka ukakimbia kuteremka na jiwe mkononi. Kesho yake kambi ikahama. Akasema, na maharage yenyewe hayakuungua.

Nilikasirika! Nakuambia wazi. Nilikaa juu ya mti ule uso unawaka, si magadi tena, aibu. Theluji yote ile! Meli zote zile! Sikio la mtoto wa watu! Nikasema moyoni, Aako, kumbe hata Mlima wa Mungu uliusikia kwa watu.

Kisha kitu kikanigonga hapa kifuani. "Lirudishe kwake." Hukusema nilirudishe ulikolitoa. Kwake ni juu. Ulijua. Kitandani, pumzi imekwisha, ulikuwa unaniambia ukweli kwa namna yako, na ulikuwa unaomba kupandishwa. Na mimi nimekulaza chini ufukweni, nimekuombea, nimekuaga, nimenawa uso.

Nikasimama nikasema narudi. Saa tano ilikuwa imepita. Mwalimu Paskali akasema, kwa upole kweli, "Martina, jiwe ni jiwe. Chukua hili langu, mimi nitaokota tawi." Nikamjibu vibaya, nimeshamwomba radhi. Mzee Lemayan akamwambia askari awapandishe wenzangu, yeye akashuka nami, na kwa umri ule alinipita.

Sasa fikiria ujinga wangu. Nimeweka jiwe jeupe, upande mweupe juu, katikati ya mawe meupe. Nilipiga magoti nikaanza kugeuza moja moja. Yule mzee anageuza kwa fimbo yake, anacheka peke yake, anasema maharage, maharage. Jua liko utosini, heroe wanatuangalia. Muda unakwenda, namwona dereva anawasha lori kichwani mwangu. Nikaanza kuyanusa. Ndiyo, Aako, mwalimu mwenye cheti, mbele ya ndege wote wale, nainusa pwani ya ziwa jiwe kwa jiwe. Na nikalipata! Nililigeuza likawa jeusi, na ganda la harage limekauka juu yake, moja, dogo. Sijawahi kufurahi hivyo kwa ganda la harage. Nikalifunga kwenye kanga, nikatia kikapuni, nikaondoka mbio.

Tulipofika kwenye mti uliolala sikuketi. Nilikuambia kwa sauti, "Usinuse. Twende."

Na tukaenda. Mara mbili niliteleza, goti likachubuka, viazi vikamwagika nikaviacha. Mpaka msitu ukakatika, upepo ukanipiga, na juu hakukuwa na sehemu nyingine ya kupanda. Lundo lipo, linanifika kifuani. Wenzangu walikuwa wameshatangulia kwenye lori kwa njia ya ukingoni. Amebaki Mwalimu Paskali peke yake, ameketi karibu na lundo, mkononi kiazi kimoja, anasema amenitunzia.

Nisikilize vizuri sasa, maana leo mimi ndiye ninayesimulia. Mlima wa Mungu upo. Uko karibu kuliko ulivyosema, mrefu, peke yake, mbavu zake zina mistari ya kijivu na weupe juu, lakini siku hiyo haukufuka. Natroni ipo, mbali chini, nyekundu kidogo, kweli kabisa. Nyuma yako ziwa ulilotoka, duara, buluu, na heroe wamekuwa mstari tu. Kilimanjaro sikuiona, palikuwa na wingu upande ule, nakuachia. Bahari haipo, Aako. Nimezunguka pande zote. Haipo.

Nikaliweka jiwe juu kabisa ya lundo, upande wa masizi ukiutazama Mlima, ili wajue ni la nani. Nikaita jina lako mara tatu kwa nguvu zangu zote. Mwalimu Paskali akaita la nne. Mzee Lemayan akang'oa nyasi akaweka juu ya jiwe, kama Wamasai wanavyobariki, akasema, mpishi, karibu.

Nilicheka na kulia, na safari hii sikunawa uso.

Lori tulilikuta linaunguruma. Dereva aliongea mpaka Karatu na mimi nilikuwa natabasamu tu.

Bibi nilimweleza usiku ule ule, nikidhani nampa habari. Akaniangalia kama mtoto. "Nilijua siku aliporudi," akasema. "Mtu anarudi safari ya miezi mitatu, anamletea mkewe jiwe, na jambo la kwanza anauliza nimepika nini. Huyo alifika wapi?" Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akasema alipenda zaidi ile habari ya meli. Kisha akaomba nimweleze tena habari za ganda la harage.

Mzee Panga naye alikuja kesho yake asubuhi, hata chai hajapewa, akasimama mlangoni. Je, Tluway alifika? Aako, nilikuwa nimekwisha jiandaa. Nikamwambia jiwe la Tluway liko juu ya lundo linautazama Mlima wa Mungu, nimeliona kwa macho yangu haya mawili, na shahidi wangu ni Mwalimu Paskali. Akavua kofia. Kisha akauliza, "Na bahari?" Nikasema siku ile kulikuwa na mawingu.

Mwalimu Paskali anakuja leo kula. Usianze. Anakuja kula tu, na ameambiwa alete mwavuli mzima.

Jambo la mwisho, halafu nipakue. Pale ufukweni, nilipolipata la kwako, niliokota na jingine. Dogo, jeupe pande zote. Juu ukingoni Mzee Lemayan alinichungulia kikapuni akauliza, na hilo? Nikasema hilo la nyumbani. Hakunikemea. Akasema basi, tutaonana tena. Ndipo nilipokuelewa, mume wangu, na hasira yote ikaisha. Hukuliweka jiwe lako jikoni ili utudanganye. Uliliweka kwa sababu ulitaka kurudi, na kila siku ulipoinua kifuniko ulijikumbusha, na kila siku kulikuwa na watu wa kulisha, sisi. Uongo ulikuja baadaye, wa kupitishia muda. Hivi ninavyokuandikia jiwe jipya liko juu ya kifuniko. Limeshaanza kushika masizi. Nakuahidi halitakaa hapo miaka arobaini. Nitalibeba mwenyewe mpaka kwenye lundo, niliweke ubavuni mwa la kwako, na nikifika nitakuambia kama wingu limeondoka.

Kwa hiyo nenda sasa. Kaa huko juu, angalia unavyotaka, ona mpaka baharini kama unaiona. Usigeuke. Lile swali lako la mwezi wa nne nimelibeba mpaka leo, na jibu lake hili hapa.

Jikoni nipo mimi.

Mke wako mdogo,
Martina